Albamu niliyoivuruga kwa kicheko nikiwa na dekio mkononi, Dubai

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara, wa visiwani na mnaosoma kwa kujificha kazini.

Nimepitia ule uzi wa juzi mnabishana albamu zipi kali zimerekodiwa kule mtaa wa studio hapa Dubai. Naona watu ambao hata visa hawajawahi kuomba wanatoa ushahidi wa macho.

Sasa ngoja aseme mtu aliyezideki hizo studio.

Picha sina, niliogopa kupiga. Ila haya yamenitokea mwenyewe, na pale nilipojiaibisha sijapunguza hata chembe.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa Tabora, nakaa Karama, chumba kimoja watu sita. Kampuni yangu ya usafi ilinipanga jengo moja la studio, shift ya asubuhi.

Kwenye korido ya ghorofa ya pili kuna makava ya albamu zilizorekodiwa pale, yamewekwa kwenye fremu na kupangwa ukutani kama picha za viongozi ofisini kwa mkuu wa wilaya. Kuna ya mwanamama mmoja wa Kimisri anayepigwa kwenye kila teksi mji huu. Kuna ya bendi ya Wahindi wanne, mmoja amefumba macho. Kila siku nilikuwa nazifuta vumbi.

Tatizo ni mdomo wangu.

Nikirudi Karama, wimbo ukisikika mahali nawaambia wenzangu, "Hii albamu inarekodiwa, nilikuwepo." Na kweli nilikuwepo. Nilikuwa chooni naosha masinki.

Kevo, Mkenya anayelala kitanda cha juu yangu, akawa ananiita producer. "Producer, leo umetoa hit gani?"

Nami bila haya: "Leo tulikuwa kwenye mixing."

Kazini sheria ni moja. Taa nyekundu juu ya mlango ikiwaka, hupiti, hukohoi. Na taa iwake isiwake, huongei na wateja. Supervisor wetu alishamrudisha mtu kwao kwa sababu ya selfie.

Sasa asubuhi hiyo taa inawaka, nimeganda koridoni na dekio langu. Mlango ulikuwa haujafunga sawasawa, kuna waya umepita chini yake.

Nikasikia mtu anaimba. Kiswahili!

Sauti tamu, udi unalia taratibu nyuma yake. Nikasogea.

"Nimekukosa, bibi yangu... ee bibi, nimekukosa..."

Wakuu, mnielewe. Picha iliyonijia kichwani ni jamaa ameshika manati, bibi kizee anakimbia anapinda kushoto na kulia, jiwe limepita pembeni, na jamaa anasikitika kwa sauti nzuri kabisa.

Nikang'ata mdomo. Ukaja mstari wa pili.

"Kesho nitajaribu tena..."

Hapo nikapasuka. Sijacheka, nimepasuka. Dekio likaanguka sakafuni, paa! Udi ukakata.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa engineer, Mlebanoni mmoja tunamwita Sir Fadi, headphone shingoni. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akanionyesha kidole niingie.

Ndani kuna kijana wa hapa hapa Dubai, kanzu nyeupe, umri kama wangu. Nitamwita Yaqub, si jina lake. Albamu ilikuwa yake.

Sir Fadi akaniuliza, "What is funny?"

Nikawaza tiketi ya kurudi Tabora. Halafu nikaona nikidanganya ndiyo nimekwisha kabisa. Nikamwambia, "Sorry sir. Anasema amemrushia bibi yake jiwe, halikumpata. Na kesho atarusha tena."

Nilitegemea Yaqub acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti akatazama magoti yake, akasema kwa Kiingereza taratibu, "I wanted to say I miss her. Nilitafsiri kwa simu."

Kisha akaeleza. Bibi yake alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana. Miaka yote aliongea Kiarabu kama wenzake. Tangu alipoanza kuugua uzee, Kiarabu kimemtoka kichwani. Kimebaki Kiswahili tu, na nyumba nzima hakuna anayekijua.

"Yupo chumba cha pili," akasema, "lakini ni kama amesafiri. Kwenye albamu nzima wimbo huu ndio nauimba kwa ajili yake."

Wakuu, kile kicheko changu nilitamani nikimeze.

Nikasema nitasaidia. Nikajitia mtaalamu, nikamwandikia kwenye karatasi: "Nimekumiss bibi."

Hata Sir Fadi alishtuka. "Miss? Hiyo si Kiingereza?"

Nikampigia Kevo. Naye akashauri, "Sema 'nimekumiss sana shosho', iko na feeling." Nikakata simu.

Ndipo nikamkumbuka Bi Zuhura. Huyu ni mama wa Kiunguja, yuko Rashidiya tangu wengi wetu hatujazaliwa, na Ijumaa huwa tunakwenda kula pilau kwake. Nikampigia video, nikamsomea wimbo wa Yaqub na marekebisho yangu.

"Nimekumiss?" akasema. "Na wewe Mtanzania, huoni haya? Mwambie aseme 'nina hamu nawe'. Kwisha. Hebu mpe simu huyo kijana."

Wakaongea Kiarabu, Sir Fadi akawa ananitafsiria. Bi Zuhura alitaka kujua, je, hakuna neno lolote la Kiswahili analolikumbuka kwa bibi yake?

Yaqub akasema lipo moja, ila si neno, ni jina. Alipokuwa mdogo akilia, bibi alimpakata akawa anaita, "Ya Aisha, ya Aisha." Yaani kwa Kiarabu, ewe Aisha. Nyumbani waliamini Aisha ni dada yake aliyefia Unguja. Baba yake amekuwa akimwombea dua huyo Aisha kila Ramadhani.

Bi Zuhura akaanza kucheka, kisha akashika ncha ya mtandio akafuta macho.

"Hakuna Aisha, mwanangu. Alikuwa akikwambia yaishe. Haya, yaishe. Hayo yanayokuliza, yaishe."

Nilimwona Yaqub akilitafuna lile neno bila sauti. Yaishe. Yaishe.

Halafu akatoa simu yake. Akasema kuna kitu bibi anakisema kila siku, miezi sasa, mpaka analia. Wao wanadhani ni dua, kwa hiyo huwa wanaitikia amina. Alikuwa amemrekodi. Akabonyeza.

Sauti ya bikizee, nyembamba, imechoka:

"Nizimieni hilo baridi. Naona baridi mie. Kwani nyie hamnisikii?"

Na kwa nyuma, sauti za watu wazima zikijibu, "Amin. Amin."

Sikusubiri Bi Zuhura. "Sir, she is cold. Anaomba mzime AC."

Yaqub alisimama kiti kikaanguka. Akapiga nyumbani palepale, Kiarabu cha haraka, sauti inakatika. Aliporudi kukaa, uso umeloa, na hakuufuta.

Kwenye simu Bi Zuhura akatoa amri moja tu: "Wimbo utangoja. Nipelekeni kwa huyo bibi."

Supervisor akaingia wakati huohuo, akanikuta nimekaa kwenye sofa la wateja. Yaqub akamwambia, "He is with me." Barua ya onyo nilipewa hata hivyo, na mwezi uliofuata nikahamishiwa kliniki ya meno, Garhoud. Nawaambia ili msidhani maisha ni filamu.

Ijumaa tulikwenda mimi na Bi Zuhura. AC imezimwa, sisi tunatiririka jasho, bibi yuko kitandani ametulia chini ya blanketi. Bi Zuhura akampa shikamoo. Yule bibi alimshika mkono, hakuuachia saa nzima. Waliongea habari za karafuu, harusi na watu waliokwisha kufa. Mama yake Yaqub alisimama mlangoni, haelewi neno, analia na kutabasamu.

Kabla ya kuondoka Bi Zuhura akawaandikia maneno kwa herufi za Kiarabu: maji, baridi, joto, wapi panauma. Wakaibandika karatasi kwenye friji. Na kila Ijumaa akawa anarudi.

Kevo nilimsimulia yote haya, tena nikakiri kwamba yale ya mwanzo nilikuwa naosha masinki. Akasema, "Hapo kwa masinki nakuamini. Hii ingine ni uongo." Kisa kimoja cha kweli nilichonacho, ndicho kilichokataliwa.

Albamu imetoka. Kava lake limewekwa kule koridoni, sasa anafuta vumbi mwingine. Wimbo wa bibi ni wa tano, na Kiswahili kimenyooka. Bi Zuhura alikataa jina lake lisiandikwe kwenye muziki, eti ana mjukuu anayesomea dini.

Siku Yaqub alipompigia bibi wimbo uliokamilika, tulikuwepo. Bibi alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho. Akafumbua, akaangaza chumbani.

"Anaimba vizuri. Mtoto wa nani huyu?"

Bi Zuhura alikuwa amefungua mdomo kumjibu. Yaqub akamuwahi, na lafudhi yake ile nzito:

"Wako, bibi."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla hujacheka Kiswahili cha mtu, uliza kwanza anataka kumwambia nani.

Basi semeni na nyie. Neno gani mliambiwa utotoni mkaja kulielewa ukubwani? Wajuaji wa albamu pia mnakaribishwa, ila mje na dekio.