Mizunguko Hamsini Iliyobaki

Ponsian hakuwa mcheza kamari. Hilo Coletha alitaka lieleweke kabla ya kupokea pole ya mtu yeyote, maana huko Sydney, kuanzia kitongoji cha Penrith hadi Ingleburn, watu walikuwa wamekwisha kuambiana kwamba mumewe alikata roho akiulizia matokeo ya mbio za magari. Na mtu gani, walisema, huulizia matokeo huku pumzi zinamwishia, kama hana dau lake humo?

Swali aliliuliza kweli. Coletha hakulikana. Dau ndilo halikuwapo, wala siku hiyo wala nyingine yoyote.

Ponsian alikuwa fundi wa matairi. Kazi aliianzia Moshi, karibu na stendi, na akaja kuimalizia kwenye maghala ya Ingleburn, alikohudumia matairi ya foklifti, magari ya kuinulia mizigo, miaka kumi na tisa bila kuchelewa hata siku moja. Starehe yake ilikuwa moja kwa mwaka: mbio za maili mia tano za Indianapolis, Marekani, magari yale mepesi yenye magurudumu yaliyo wazi, yanayouzunguka uwanja mara mia mbili. Madereva hakuwajali sana. Aliwatazama mafundi. Gari lilipoingia kubadilishwa matairi alinyanyuka kitini, akahesabu sekunde kwa midomo bila sauti, na fundi akichelewa kukaza nati, Ponsian aliguna kama vile kidole kilichobanwa ni chake.

Kwa saa za Sydney mbio hizo huangukia Jumatatu kabla ya alfajiri, naye alikuwa na zamu, kwa hiyo alizirekodi. Mwaka 2021 aliamua kuzionja kidogokidogo: mizunguko ishirini na mitano kila Jumapili baada ya chakula, Coletha pembeni na kitabu chake. Sharti lilikuwa mtu asimwambie mshindi. Binti yao Vicky, anayekaa Quakers Hill, aliwahi kuanza kulitaja jina kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha haraka. Baba yake akaziba masikio na kuimba pambio kwa sauti mpaka binti akakata simu mwenyewe. Walicheka wiki nzima.

Coletha alimjua mshindi tangu siku ya pili. Alikutana na habari hiyo gazetini bila kuitafuta, na kwa majuma sita alinyamaza, akishangaa pale mumewe aliposhangaa.

Jumapili ya sita mji ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona. Ponsian alikohoa tangu mwanzo hadi mzunguko wa mia na hamsini, ndipo akazima. Jumatano gari la wagonjwa lilimchukua, na Coletha akabaki mlangoni na mfuko wa nguo alioambiwa hauruhusiwi. Wodini wageni hawakuruhusiwa. Muuguzi alimshikia mgonjwa simu, sauti ikiwa juu kabisa ili isimezwe na mashine ya oksijeni. Ndivyo Bibiane, Mkongo wa kikundi chao cha maombi aliyekuwa akisafisha wodi, alivyosikia swali. Jibu hakulisikia, alikuwa ameshapita na ndoo yake.

Siku ya tisa Ponsian alisema, "Mwalimu, nani alishinda?"

Hivyo ndivyo alivyomwita mkewe siku zote. Coletha alitafuta kiti akakaa. Mtu aliyeimba pambio ili asisikie, leo anauliza. Alielewa alichokuwa anaambiwa. Jina lilikuwa mdomoni, na aliona kwamba akilitamka atakuwa amempa ruhusa ya kuondoka.

"Utakuja uangalie mwenyewe, Baba Vicky," alisema. "Imebaki hamsini tu."

Mashine ilivuta na kutoa.

"Haya, Mwalimu," alijibu Ponsian, taratibu, kama anayemwonea huruma.

Asubuhi yake akafariki. Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Wengine walitazama kwenye simu zao, na huko kwenye simu ndiko maneno ya kamari yalikoanzia safari. Coletha aliyasikia na hayakumliza. Kilichomliza ni kwamba mumewe aliomba kitu kimoja, naye alikuwa nacho, akamnyima.

Wiki iliyofuata alipiga simu Elieshi wa Penrith, waliyefahamiana naye tangu siku za kwanza za Sydney. Coletha alimweleza yote kuhusu dau lisilokuwapo. Elieshi aliomba radhi, akalia, akapenga kamasi, kisha akashindwa kujizuia.

"Na wewe, dada, ulimjibuje?"

"Marehemu hakucheza kamari, Elieshi. Hilo nimekueleza, nawe kawaeleze waliokutuma. Nililomjibu mume wangu sikwambii."