Mnara Uliopinda

Watu walimwita Mama Darubini, na ukiniuliza mimi, jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye cheti. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili. Nusu ya mbele ilikuwa ya mumewe, fundi cherehani. Nusu ya nyuma ilikuwa yake: meza, taa ya kuinamisha, bisibisi nyembamba kama miiba, na kabati la lenzi, kila moja imeviringishwa katika kitambaa alichokatiwa na mume. Baba yake alikuwa fundi saa, na kwake alirithi vitu vitatu: mikono isiyotetemeka, lenzi moja ya kutazamia darubini, yenye ganda la shaba, na mazoea ya kufumba jicho la kushoto kila anaposhika kazi. Miaka arobaini jicho hilo lilikuwa limelala kazini. Mumewe aliliita bosi, maana halikufanya lolote na hakuna aliyelifukuza.

Wateja wake walikuwa watu wa kawaida wenye ugonjwa wa kupenda nyota: mwalimu wa fizikia, muuguzi, dereva wa lori aliyestaafu. Akija mtu kutafuta lenzi ya kukuza mara mia tano, Mama Darubini alimkalisha kwenye kigoda akampa somo lake. Kukuza si kuona, alimwambia. Ukikuza kupita kiasi unakuza na mtikisiko, unakuza na vumbi. Anza na lenzi ya milimita ishirini na tano, uizoee anga, ndipo ushuke kwenye ya kumi. Na kabla ya lenzi kagua fokasi, ile shingo inayoishika lenzi na kuisogeza mbele na nyuma unapozungusha vifundo vyake. Shingo ikilegea, hata lenzi ya mfalme ni kipande cha chupa. Mteja akianza kushika hii na kuacha ile, sauti ilitoka nyuma ya cherehani ikimkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima.

Hakuna lenzi iliyotoka pale bila kupimwa. Mlango wa nyuma ulitazamana na mnara wa simu juu ya kilima. Lenzi iliwekwa kwenye darubini ya majaribio, mnara ukaonekana kichwa chini, chuma chake kimenyooka kama uzi wa timazi, na Mama Darubini akaandika daftarini tarehe, lenzi, na neno moja tu: safi. Neno hilo lilijaza madaftari sita. Watu walinunua lenzi kwa neno hilo, na yeye mwenyewe aliishi kwa hilo.

Shari ilianza na suruali. Asubuhi moja alipita nyuma ya mumewe, akainua suruali ya mteja kwenye mwanga, akafumba jicho la kushoto kwa mazoea, akasema mshono umepinda. Mume akaweka rula juu ya mshono. Mama Darubini akaitazama akasema rula nayo imepinda. Mume alinuna mpaka jioni, akidhani anachokozwa, na yeye akacheka, na mambo yakaishia hapo. Laiti yasingeishia hapo.

Wiki ileile alipima lenzi mpya na mnara ukapinda. Haukupinda sana, ni pale katikati tu, kama chuma kilichoegemewa na mtu mzito. Akaandika: imepinda katikati. Akaikataa. Akapima ya pili, nayo ikapinda, na ya tatu pia. Akasema siku hizi viwanda vinatengeneza takataka, akawatukana watengenezaji wote kwa jumla, na mumewe akaitikia kwa kuwa yeye naye alikuwa na lake kuhusu nyuzi za siku hizi.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Mama yule hakuwa mjinga. Aliizungusha lenzi ndani ya shingo, maana kosa likiwa kwenye lenzi litazunguka nayo. Halikuzunguka. Palipopinda palibaki palepale. Mtu mwingine angesimama akajiuliza. Yeye alihamishia lawama kwenye fokasi. Akaing'oa, akafunga nyingine, akaipaka grisi, akaikaza skrubu moja moja. Mnara ukapinda. Akatoa kioo kikubwa cha darubini, akakipima upya siku tatu. Mnara ukapinda vilevile. Nyani haoni kundule, na fundi haoni kosa ambalo amelizoea kulikuta kwenye vitu vya watu.

Miezi ikapita, lenzi kumi na tisa zikarundikana kwenye sanduku la zilizokataliwa. Palipopinda pakaanza kuwa na kivuli, doa la kijivu lililokula rivi za mnara, zile pini zinazoshikanisha vyuma vyake. Aliliita ukungu wa kwenye kioo. Usiku alianza kuota mnara unaanguka, na asubuhi alikuwa mkali, hata salamu alizijibu nusu. Alikuwa anaogopa, lakini aliogopea lenzi.

Mwishowe akaamua kuita hakimu. Akafungua kitambaa chekundu akatoa lenzi ya baba yake, ambayo haikuwahi kudanganya. Akaiweka na kutazama. Mnara ulikuwa umepinda, na doa katikati yake.

Akasema gundi inayoshikanisha vioo vinne vya ndani yake imezeeka. Mume aliinuka kwenye cherehani akamsihi aiache, ni kumbukumbu, akasema, isitiwe mkono. Hakusikia. Akaipasha moto polepole ili vioo viachane, na kimoja kati ya vinne kikapasuka kwa mlio mdogo tu. Mume aliusikia kutoka mbele ya duka. Aliporudi nyuma alimkuta ameshika vipande viwili, akivitazama kimoja kimoja kwenye taa, bado anatafuta kosa.

Siku iliyofuata mwalimu wa fizikia alikuja kuomba lenzi zilizokataliwa kwa ajili ya wanafunzi wake. Mbovu kwa watoto si mbaya, alisema. Akaweka mojawapo kwenye darubini, akatazama mnara, akaweka ya pili, na ya tatu. Akavua miwani akaifuta, akatazama tena.

"Fundi," alisema, "hizi hazina kosa."

Mama Darubini alimwambia kwa hasira kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mwalimu alisogea pembeni, akaongea kwa upole, kama anavyoongea na mwanafunzi aliyekaribia jibu.

"Hebu tazama wewe. Lakini kwa jicho la kushoto."

Alikasirika, kisha akainama. Jicho la kushoto lilikuwa geni kwenye kazi ile, likatoa machozi kidogo, likatulia. Mnara ulikuwa umenyooka kutoka juu hadi chini, rivi zote mahali pake. Akafumba la kushoto, akafumbua la kulia. Akarudia mara tatu. Kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, na mumewe akaacha kukanyaga cherehani.

Daktari wa macho alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimwonyesha karatasi ya miraba, na kwa jicho la kulia miraba ya katikati ilikuwa imezama shimoni. Akauliza tatizo lilianza lini. Wagonjwa wengi hawajui, lakini huyu alitoa daftari kwenye mkoba. Kila tarehe ilikuwamo, miezi minane, kwa mwandiko wake mzuri: imepinda katikati, imepinda katikati, ukungu katikati. Alikuwa ameandika ugonjwa wake siku kwa siku na kuutia sahihi. Daktari alifunua kurasa polepole.

"Ungekuja mwezi huu wa kwanza, mama," alisema, akiweka kidole kwenye tarehe. "Sindano zingeliokoa jicho hili la kulia. Sasa lina kovu. Tulinde la kushoto. Siku ukiona mstari umepinda kwa jicho hilo, usingoje kesho."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, alifumba la kulia akatazama mnara kwa bosi. Mume alisimama nyuma yake na chaki mkononi, akauliza kuna nini. Alijibu umenyooka, na hapo ndipo cherehani ilipoanza kulia. Asubuhi mia moja na zaidi zilipita hivyo, na kila moja mume alingoja neno lile.

Juzi, Jumanne, aliinama kama kawaida. Akazungusha kifundo mbele, akakirudisha nyuma, akakizungusha tena. Mume akauliza kuna nini. Mama Darubini akafuta lenzi kwa ncha ya kanga, akainama upya, akakaa hapo kwa muda.

"Hii lenzi ina vumbi," alisema. "Hebu niletee nyingine."

Mume hakwenda kabatini. Aliweka chaki mezani, akachukua mkoba wa mkewe wenye kadi ya hospitali, akamshika mkono, akafunga milango yote miwili.