Sarafu ya Roma Iliyochimbua Mihogo ya Shangazi

Naona haya kuisimulia hii, na mke wangu kanikataza kabisa, kasema Rajabu mambo mengine mtu anakufa nayo, lakini kwa kuwa watu wa Masaki (Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya wenye nazo kule Dar) wameshaisambaza kila mmoja na ya kwake, na kwa mmoja nilikamatwa na polisi na kwa mwingine nilikuja na mganga, bora niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa: mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, fundi umeme wa kiwandani Zegereni, Kibaha, baba wa watoto watatu, ndiye niliyesababisha shamba la shangazi yangu lichimbuliwe na kijiji kizima kwa ajili ya hela ambayo hainunui hata kiberiti.

Nianze na hiyo hela. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakusanya sarafu. Shangazi Tatu, dada yake baba, aliyenilea hapo Masaki baada ya mama kufariki, ndiye aliyekuwa ananiletea: senti hamsini yenye sungura, ishirini yenye mbuni, na zile za wakati wa mkoloni zenye tundu katikati. Nilizijaza kwenye kopo la maziwa nikawa nazipanga sakafuni kama watu wa kikosi. Halafu nikaenda sekondari ya bweni, kopo likapotea, nami nikakua, nikasahau.

Sasa mwaka jana nafungua redio mbovu ya mkwe wangu niitengeneze, ikadondoka senti hamsini ya sungura. Jamani! Nilikaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa. Wiki hiyohiyo nikajiunga na kundi la wakusanyaji kwenye simu, na humo ndimo nilimosikia jambo ambalo sikulijua, kwamba mtu wa mshahara kama mimi anaweza kumiliki sarafu ya Roma ya kale. Mimi nilidhani zile zinakaa makumbusho tu nyuma ya kioo! Mzee mmoja wa kundini akanieleza taratibu kwamba zile ndogo za shaba zilitengenezwa kwa wingi sana na mpaka leo bado zipo nyingi, kwa hiyo nianze na moja, nisikimbilie dhahabu, ninunue kwa mtu anayeweza kuniambia imetoka wapi, na zaidi ya yote nisiisugue, kwa sababu ukiisugua unaondoa uso wa mtu.

Yangu aliniletea mwanakundi mmoja aliyetoka safari. Ndogo kama kifungo cha shati, imejaa udongo mgumu. Nikailoweka kwenye maji ya betri (yale safi, jamani, siyo asidi, mimi ni fundi), nabadilisha maji, nachokonoa kwa kijiti cha meno wiki tatu nzima, mke wangu Zuhura akipita anasema, "Hivi hiyo ndiyo umeioa?" Mpaka jioni moja ikatokea pua. Halafu jicho, halafu taji. Kaisari wa karne ya nne kaniangalia mimi, Kibaha, kwenye meza ya kulia! Na upande wa pili askari wawili na bendera yao katikati. Machozi yalinilenga, sisemi uongo, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwonesha alikuwa Shangazi Tatu.

Jumamosi nikajiandaa. Zuhura akasema iweke kwenye kiboksi chake, utie kwenye begi. Mimi nikaona hapana, nikaizungushia karatasi laini nikaitia mfuko wa shati, ili nikifika niichomoe ghafla, Shangazi ashtuke kwa furaha. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nimefika namkuta shambani, mama wa miaka sabini na kitu, kainama anapalilia peke yake.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba babangu! Wewe! Hata simu hupigi?"

Nikaona aibu, maana mara ya mwisho nilikuja Idi, na hiyo Idi yenyewe sikumbuki ilikuwa ipi. Nikamnyang'anya jembe, nikapalilia kwa fujo saa mbili nzima nikiinama na kuinuka kama mtu anayelipa kodi ya upendo. Kisha tukakaa barazani tunywe chai, nikasema sasa ndiyo wakati wenyewe, nikatia mkono mfukoni. Hakuna kitu.

Ningesema palepale, "Shangazi, nilikuletea sarafu, imedondoka," mkasa ungeishia hapo. Lakini mtu mzima uanze kulia kwamba umepoteza kichezeo? Nikasema nimesahau jembe, nikarudi shambani, nikaanza kutambaa kwa magoti katikati ya mihogo.

Akapita jirani, Mama Salima, na ndoo yake kichwani. Akasimama.

"Baba, umepoteza nini?"

"Ah, kitu tu."

"Kitu gani?"

"Kitu cha zamani."

"Cha thamani?"

"Kwangu mimi, ndiyo."

Akaenda zake polepole sana, kwa mwendo wa mtu anayewaza. Haijapita robo saa pikipiki ikazima barabarani, dereva wa bodaboda anaitwa Kibwana akanipigia kelele, "Bro! Ni mali ya Mjerumani?" (Mnajua watu wetu, kila jiwe lililokaa vibaya chini yake Mjerumani kaacha sanduku la rupia.) Nami kwa kutaka tu aondoke, na labda kwa kajivuno kidogo kwamba ninalijua jambo, nikamjibu, "Ni ya zamani kuliko huyo Mjerumani wako!"

Kibwana akawasha pikipiki, na mimi nikajua nimekwisha.

Walikuja na majembe, walikuja na sururu, wengine walikuja na watoto mgongoni. Mwanzo walikuwa wananisaidia kutafuta kwa macho, kisha mmoja akang'oa muhogo ili aone vizuri, kisha wote wakang'oa. Kila nikisema "jamani, siyo mali, acheni," wanatazamana kwa maana ya kwamba huyu anataka kula peke yake. Kikatokea kijizee kimoja na fimbo yenye sumaku, kikatangaza kwamba mzigo umeelekea pembeni, kule kwenye kaburi la babu yangu.

Watu wakaanza kusogea huko. Na hapo ndipo nilipomwona Shangazi. Alikuwa ametoka nyumbani bila viatu, kanga imemwanguka bega moja, akapita katikati ya watu mpaka kwenye kaburi, akasimama mbele yake.

"Hapa amelala baba yangu," akasema. "Wa kupiga jembe hapa aanze na mimi."

Majembe yakashuka. Halafu akanigeukia. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Rajabu. Ulikuja kunisalimu, au ulikuja kumchimba babu yako?"

Mimi nimepigwa shoti ya umeme mara tatu maishani, na hakuna hata moja iliyoniuma kama hilo swali. Nikapiga magoti kwenye udongo, mbele ya watu wote na Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

"Nimedondosha hela, Shangazi! Nilikuletea wewe uione!"

"Hela gani?" Mwenyekiti akauliza.

"Ya Roma."

"Roma ya kwa Papa?"

"Ya kale, Mwenyekiti. Ya makaisari."

"Inanunua nini?"

"Hainunui kitu."

"Sasa ukiiuza?"

"Labda kilo mbili za nyama," nikasema, "ukimpata anayependa."

Akanitazama, akatazama shamba, nusu yake imelala chali. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, akafuata mwingine, mwisho kijiji kizima kinacheka huku kimeshika mihogo, na Kibwana alikaa chini kabisa. Shangazi peke yake hakucheka. Alinishika mkono akaniinua, akanifuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza taratibu, "Unakusanya tena? Kama zamani?"

"Ndiyo."

"Na ukaona haya kuniambia mimi?"

Nikainama nikaanza kuokota mihogo.

Mwenyekiti akatoa hukumu palepale: kila aliyeng'oa akate vipande vya ile miti ya mihogo avipande upya kabla hajaondoka, na muhogo uliotoka upikwe maana hautalala siku mbili. Tukapanda mpaka viganja vyangu vikatoka malengelenge. Mama Salima akaleta sufuria na nazi, na wakati tunasubiri chakula watu wakaanza kuniuliza, huyo kaisari alikuwaje, askari walishika nini, mtu wa kale alinunua nini nayo. Nikaeleza, nikichora kwa kijiti mchangani. Sijawahi kusikilizwa vile hata kazini kwangu. Mzee Pazi, jirani wa Shangazi, akanyanyuka, akarudi na heller, senti ya wakati wa Mjerumani, aliyorithi kwa baba yake. Bibi mmoja akafungua pindo la kanga, mna senti nne zenye tundu, zimetungwa uzi mweusi. Akasema alimvalisha mwanawe wa kwanza kiunoni, mtoto hakukaa duniani, lakini uzi hakuutupa. Akaniwekea kiganjani niangalie. Nikaziangalia moja moja, nikamrudishia kwa mikono miwili, wala sikuthubutu kuuliza kama anauza.

Yangu haikuonekana. Mpaka leo imo humo humo, na sasa ninazo nyingine tatu kwenye kiboksi, ila hiyo nimeiacha.

Jioni Shangazi akanisindikiza barabarani. Nikamwomba msamaha mara ya kumi. Akasema, "Mihogo itaota, babangu. Mimi nilidhani umekuja kwa sababu kuna kitu unakitaka hapa kwangu. Mwaka mzima huji, siku umekuja unatambaa chini. Nimeumia." Akanikung'uta udongo begani. "Kumbe ulikuja kucheza na mimi, kama enzi za lile kopo lako."

Nilipanda pikipiki ya Kibwana nikiwa nimegeuza uso pembeni.

Kwa hiyo nimeapa, na Zuhura ni shahidi: mtu akiniuliza natafuta nini, sisemi tena "kitu tu", nitasema jina lake palepale hata kama ni la kuchekesha, acha wanicheke mapema wakati shamba bado limesimama. Na Jumamosi moja kila mwezi naamkia Masaki kupalilia. Napiga simu Ijumaa, Shangazi anauliza nakuja na nini, namwambia nakuja na mimi, Shangazi, anasema basi nabandika maji ya chai.