Kikohozi cha Kumtuliza Msimamizi

Karakana yetu ya kushona sare za shule pale Kariobangi ilikuwa na msimamizi ambaye sauti yake, naapa, ilifika mtaa wa pili wa Lucky Summer na kuwazuia kuku wa kule kutaga. Kwa mikono alikuwa fundi kuliko sisi sote, ndiyo maana akapandishwa cheo. Kushona kola alijua. Kuongea na anayeshona kola, hapo sasa!

Mafundi wawili walikuwa wameshaondoka wakilia. Mwenye karakana akamwambia wazi: akiondoka mwingine kwa ajili ya mdomo wako, unarudi kwenye cherehani.

Mchana huo akanifuata mezani nilipokuwa nikikata vitambaa.

"Wewe si umemaliza shule ya jioni? Hawakuwafundisha uongozi?"

"Walitufundisha yote, dada. Labda kurusha ndege tu ndiyo hatukufika."

"Basi niangalie. Nikikosea uniambie. Lakini si mbele ya watu!"

Tukapatana: akianza kupandisha sauti, mimi nakohoa. Kisha saa ya chai, nje, namweleza nilichokiona.

Wiki ya kwanza nilikohoa mpaka mbavu zikaomba likizo. Mafundi wakanihurumia, huyu tangawizi, yule ndimu. "We kijana, hicho kifua kitakumaliza," akasema mama mmoja aliyekuwa mshonaji wetu bora. "Si uoe, upate wa kukuchemshia maji!"

Kwenye chai msimamizi akauliza, "Leo nimefanya nini tena?"

"Umemuuliza yule mama swali, ukalijibu mwenyewe, halafu ukamgombeza kwa jibu lako."

Akacheka hadi chai ikamtoka puani. "Kwani ningoje?"

"Ngoja. Hata akichukua mwaka mzima."

Basi asubuhi moja mwenye karakana akaja kuchukua sketi za buluu, akakuta rundo zima limeshonwa kwa uzi mweusi. Lilikuwa la yule mama. Mama alikuwa ameshashika mkoba, yuko tayari kwenda kwao. Msimamizi akainua sketi moja. Mimi nikajaza kifua, tayari kukohoa.

"Mama, hapa ilikuwaje?"

Msimamizi akangoja. Kungoja kule, mtu angemaliza darasa zima la hesabu.

"Taa ya upande wangu imeungua tangu juzi," mama akasema. "Rangi sizioni. Niliogopa kukwambia."

"Uliniogopa mimi?"

"Nani hakuogopi, dada?"

Sote tukainamia kazi kama tunatafuta sindano. Niliona maneno yakimpanda msimamizi kooni, nikaona yakishuka.

"Pole," akasema. "Hamia hapa dirishani. Hizi tutazifumua pamoja." Akachukua wembe, akawa wa kwanza kukaa.

Mwenye karakana akamtazama, akasema taa italetwa kabla ya chakula cha mchana. Habari ya kumrudisha mtu kwenye cherehani hakuitaja tena, siku ile wala baadaye.

Mama akaweka mkoba chini, akavuta kiti karibu.

"Polepole na huo wembe, dada! Utapasua sketi ya watu!"

Na msimamizi wetu akapunguza kasi ya mkono.