Siku Nilipoifuta Nyumba ya Mama Feza

Mpaka leo nikipita Kabondo ninashusha kofia hadi puani, maana kuna avenue nzima kule inayoniita "Cadastre", yaani mpima viwanja wa serikali, na mimi sijawahi kupima hata kibanda cha kuku. Mimi ni mchoraji wa miti na maji, mtu asiye na madhara.

Mteja wangu, mama mwenye nyumba ya wageni Makiso, alitaka picha ya utulivu. "Miti, maji, hapana mutu hata moja," alisema. Tukapatana bei (sitasema mara ngapi nilijifanya ninaondoka), na asubuhi nikapanda toleka, ile baiskeli ya abiria, tableau yangu, turubai ya kuchorea, mapajani, mpaka pale avenue inapokwisha na kijito kinapoanza. Pahali pazuri ajabu! Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, ndege mmoja anakunywa kando ya mianzi, michikichi imesimama kila mmoja peke yake kama haijuani. Kilichoharibu ule upweke ni kinyumba cha bati jekundu, na kamba ya nguo, na kuku. Bon, mchoraji ana ruhusa yake. Nikaviacha nje ya picha.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Ninanyoosha mkono na penseli, ninafumba jicho moja nipate urefu wa mti, ninahesabu kwa sauti: michikichi saba, tena, saba. Mama mmoja akatoka kwenye kile kinyumba na beseni la sombe, majani ya muhogo.

"Papa, uko unapima?"

Hapo ningesema kweli, mambo yangeisha. Lakini nilijua nikisema ninachora atakaa, ataita wenzake, ataniomba nimchore marehemu mumewe (hutokea kila mara), nami nilikuja kutafuta kimya. Nikajibu, "Ndiyo, mama, napima kidogo tu." Akaacha beseni palepale, akaondoka mbio. Nikajipongeza! Nikachora kwa raha, hata nikapiga mluzi.

Kumbe alikwenda kumwita chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa. Walikuja watu ishirini na watatu. Kuhesabu tena, ishirini na sita, maana walikuwa bado wanaongezeka. Jirani mmoja, Papa Asani, aliniletea kiti, akaninong'oneza: "Patron, mupaka yangu inafika kwenye mianzi, unasikia?"

"Bongo! Ni uongo!" akapaza sauti yule mama, ndiye Mama Feza. "Ile mianzi nilipanda miye na mukono yangu!"

Chef wa avenue akawanyamazisha, akanigeukia kwa heshima zote. "Tuonyeshe plan ya viwanja."

Nikageuza tableau. Wote wakainama. Kisha Mama Feza, polepole: "Nyumba yangu iko wapi?"

Ndugu zangu, nikaanza kuhesabu michikichi tena: saba.

"Mianzi iko. Maji iko. Hata ndege iko! Njo kusema serikali itavunja kwangu?" Akakaa chini kwenye majani. Alitoka Maniema na watoto wanne, akanunua yale mabati moja moja, na mimi niliyafuta kabla ya chai.

"Mama, nisamehe. Niko peintre tu, mchoraji wa miti. Nilidanganya."

Avenue nzima ikapasuka kwa kicheko, Papa Asani akakivuta kiti chake kutoka chini ya makalio yangu. Mama Feza peke yake hakucheka. "Kama uko peintre, alors, irudishe."

"Nitaweka paa, mama."

"Na mulango."

"Paa na mlango, basi."

"Na kamba ya nguo. Na kuku zote."

Sijawahi kushindwa bei vile. Nikachora mpaka adhuhuri, na nikwambie, kimya nilichokifuata kwa toleka nilikipata hapohapo: watu ishirini na sita hawapumui, wanaangalia bati jekundu likitokea kidogo kidogo kati ya miti. Jogoo alipopata mkia, wakapiga makofi.

Mama Feza aliichukua picha ikiwa bado mbichi. Chef wa avenue akaandika jina la mama huyo nyuma yake, na sasa imetundikwa ukutani: anayeuliza habari za kiwanja anaonyeshwa ile. Papa Asani ameacha kudai mianzi, sasa anadai naye achorewe nyumba yake.

Mteja wa Makiso nilimchorea nyingine chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo. Na nimeapa: popote nitakapokwenda, ninachora nyumba za watu kwanza, halafu upweke utakaa kwenye nafasi itakayobaki.