Mfuko wa Mzee Ogweno

Wananchi wa Kisumu, simameni wima: sayansi imepata shujaa, na shujaa huyo amevaa mpira wa kutolea mkojo kwenye kibofu! Ni Mzee Ogweno, fundi wa baiskeli wa Nyalenda. Daktari Debra aliwapa wazee wajaribu mipira mipya ya aina hiyo, iliyotengenezwa kuzuia maambukizi. Wenzake Ogweno wote walirudi kliniki wakitetemeka kwa homa. Yeye alirudi akipiga mluzi.

Kosa la wenzake lilijulikana upesi. Waliambiwa mfuko wa kukusanyia mkojo ukae chini ya kiuno, mkojo usirudi mwilini ukaleta homa. Lakini wakwe wakija kula kuku, mwanamume wa heshima atawaonyeshaje mkojo wake? Waliubana mfuko kwapani, ndani ya koti, mpaka wageni wakaondoka.

Daktari akabaki na tumaini moja. Kama Ogweno naye aliuficha na bado hakuugua, basi mpira unafanya kazi na utafiti umepona.

"Mzee wangu," akambembeleza, "wakwe walipokuja, nawe uliuficha kwapani, sivyo?"

Ogweno akajikuna shingo.

"Wakwe gani, daktari? Wale hawanipendi. Hawajawahi kuja."