Maji ya Kwanza

Studio yetu iko Majengo, kati ya fundi cherehani na duka la mkaa, na tangu nilipoirithi kwa mjomba sikuwahi kuharibu picha humo ndani. Sijisifu. Chumba chenyewe hakikupi nafasi ya kuharibu. Taa zimefungwa mahali pake, stuli ina mahali pake, na sakafuni kuna alama ya rangi nyeupe inayomwonyesha mteja pa kuweka miguu. Ukutani kuna kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee, na koti jeusi la kuazima kwa wanaokuja na fulana wakitaka picha ya pasipoti. Nyuma ya stuli linaning'inia pazia lililochorwa Mlima Kilimanjaro, mweupe kuliko ulivyo. Watu wanatoka nje, ambako mlima wenyewe umesimama juu ya mabati ya jirani, wanaingia ndani kupigwa picha na ule wa kitambaa. Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, na mimi mwenyewe kazi yangu yote sikuwahi kuipeleka nje ya pazia lile.

Babu yangu mzaa baba anaishi Old Moshi, huko juu. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji unaochukua maji mtoni, ndani ya msitu, na kuyaleta kwenye vihamba vyetu vya migomba na kahawa. Kila masika yakiisha, mto unakuwa umebomoa banio, yaani pale maji yanapoacha mto na kuingia mferejini. Basi unaitishwa msaragambo, kazi ya wote. Wanaume wanapanda na majembe na mapanga, wanaliziba banio upya, na maji yanarudi. Babu hakuwahi kukosa.

Tulipokuwa watoto tuliyangojea maji hayo chini, kihambani. Babu alikuwa akishuka nayo, akitembea kandokando yake, na yakikaribia anatuvuta kwa kola. "Maji ya kwanza hupishwa," anasema. Unarudi nyuma, unayapa njia, kama unavyompisha mkubwa wako. Yeye mwenyewe alivua kofia na kurudisha miguu, hata pale ambapo yasingeweza kumgusa. Sisi tuliona ni vituko vya wazee.

Mwaka huu magoti yake yalikataa. Nilipopanda kumsalimu nilimkuta kibarazani, kwenye kiti chake, amevaa mabuti ya mvua kama mtu anayengoja kuitwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Jumamosi wanafungulia maji. Mimi sitakuwepo."

Niliketi kwenye ngazi ya kibaraza.

"Uniletee," akasema.

"Nikuletee nini, Babu?"

"Maji. Yanapoanza. Wewe si mpiga picha?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi napiga watu. Akanijibu basi Jumamosi niwaache watu wapumzike. Nikatafuta mlango mwingine wa kutokea: nikamkumbusha kwamba zamani mwanamke hakufika banioni, na aliyekuwa akiwarudisha wanawake njiani ni yeye mwenyewe. Shangazi zangu hawajasahau hadi leo.

"Ni mimi," alisema. Hakunitazama, alitazama mabuti yake. "Mimi niliwarudisha, na mimi nakutuma. Sidhani kama nitapanda tena, mjukuu wangu. Nataka kuyaona mara moja tu."

Niliitikia. Lakini nikishuka kwenda mjini niliogopa, na sikuogopa utelezi wala baridi. Niliogopa kurudi mikono mitupu kwa mzee ambaye hajawahi kuniomba kitu.

Jumamosi niliwakuta wanaume wakisafisha mfereji karibu na nyumba, wamejaa matope hadi kwenye nyusi. Nikawaambia Babu ameomba picha. Lo! Majembe yakatupwa chini. "Picha ya Meku?" aliuliza msimamizi mpya, kwa jina tunalowaitia wazee wetu, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya. "Sasa Meku atuone tukiwa hivi?" Kabla sijafungua mdomo walikuwa wametawanyika vihambani mwao. Wakarudi wamenawa, wamevaa makoti ya kanisani, mmoja na tai, suruali za matope zikiwa vilevile chini ya makoti hayo. Wakajipanga kando ya mfereji mkavu, mikono imenyooka, nyuso zimekazwa. Kwetu huku picha ni heshima. Mtu hasimami mbele ya mkubwa akiwa mchafu, hata kama yeye mwenyewe yuko ndani ya karatasi tu.

Na mimi, badala ya kuwazuia, nilifurahi. Hapo nilikuwa nyumbani. "Inueni videvu. Msipepese. Haya." Picha ilitoka safi kabisa. Nikafunga mfuko.

Wao wakatundika makoti kwenye mibuni, wakaokota majembe, wakaanza kupanda. Msimamizi akageuka. "Dada, mbona umefunga? Maji yako huku."

Nilitamani kumwambia nimeshapata ninachotaka. Lakini nilimwona Babu na mabuti yake. Nikapanda.

Njia yenyewe ni ukingo wa mfereji, upana wa unyayo, upande mmoja mfereji na upande wa pili bonde. Migomba iliisha, kahawa ikaisha, msitu ukaanza, na mwanga nao ukabadilika. Ukawa wa kijani, mzito, unatoka pande zote na hautoki popote. Nilijaribu kupiga kwa taa ya kamera nikapata jani moja jeupe na giza nyuma yake. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Nikaizima. Ujuzi wangu wote ulikuwa umebaki Majengo pamoja na ile alama ya sakafuni, na niliona haya, ingawa hakukuwa na aliyekuwa akinitazama.

Tulisikia mto kabla ya kuuona. Nilipofika banioni nilisimama mdomo wazi. Sijui nilitegemea nini. Maji yalikuwa yakishuka kati ya mawe makubwa kuliko studio yangu, meupe, baridi yake ikikufikia usoni ukiwa bado mbali. Nilitafuta mlima nisiuone. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siuoni kwa sababu nimesimama juu yake. Miaka yote nimeuweka nyuma ya watu, nikiukunja jioni na kuukung'uta vumbi, na huu hapa chini ya miguu yangu unatetemeka kwa nguvu ya maji. Nywele zilinisimama. Niliogopa, na nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu utotoni.

Wanaume waliingia mtoni hadi mapajani, wakipanga mawe, wakiziba kwa magogo ya migomba na mabonge ya majani yenye udongo. "Naomba mtazame huku!" nilipiga kelele. Nani asikie? Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu mtu kutonitii. Nikaacha kuamuru.

Banio lilipokamilika walivua kofia. Msimamizi akaomba kwa ufupi, sauti yake ikimezwa na mto, tukasema amina. Likabaki bonge moja la kuondoa ili maji yaingie mferejini. Nikatazama kutoka ukingoni, nikaona nitakachopata: migongo ya watu. Maji yangepita chini yao bila uso.

Nikavua viatu. Nikashuka ndani ya mfereji mkavu, nikaenda mbele hatua chache, nikageuka na kuchuchumaa.

"Dada, toka humo!" msimamizi alifoka. "Maji ya kwanza hupishwa!"

"Najua!" nikajibu. "Fungua tu!"

Alinikazia macho. Halafu akatikisa kichwa na kucheka. "Haya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Akalivuta lile bonge.

Nilidhani yatakuja kwa kishindo. Yalikuja taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilisikia kwanza mchakacho, kama mtu anayeburuta majani makavu ya mgomba. Kisha yakatokea: hayakuwa maji bali ukingo wa majani, vijiti na povu la kahawia, unajisukuma mbele, unasita kwenye kila shimo, unalijaza, unaendelea. Chura akaruka kutoka mbele yake. Ardhi iliyokuwa kavu ilikunywa kwa sauti. Pembeni miguu ya wanaume ilitembea nayo. Nilifikiri: hivi ndivyo yalivyokuja kwa baba wa Babu, na kwa baba yake huyo, na mimi niliyaona kila mwaka yakiwa yameshachoka. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nilibonyeza bila kupima mwanga, bila kupima chochote, hadi maji yakanifikia miguuni na baridi yake ikanikata pumzi.

Niliposafisha picha zile usiku ule niliona zote zina ukungu. Moja tu ndiyo iliyonishika, nayo haikuwa safi: povu limetanda, miguu pembeni imepotea nusu, hakuna kidevu wala uso. Mjomba angeichana. Niliichapisha kubwa.

Jumapili baada ya ibada nilipanda kwa Babu. Nikampa kwanza ile ya makoti, nadhani kwa woga. Aliisogeza mbali, akaileta karibu.

"Wamependeza," alisema. "Wanakwenda kuposa?"

Kisha akaniuliza: "Maji yako wapi?"

Nikampa ile nyingine. Nilianza kujieleza kuhusu mwanga wa msituni, akaninyamazisha kwa mkono. Alipitisha kidole juu ya povu.

"Ulisimama ndani," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Babu."

Nilingoja kufokewa, maana ilikuwa haki yake. Aliiweka picha sakafuni, mbele ya kiti, akaielekeza vizuri ili povu limkabili. Akavua kofia. Halafu polepole, kwa mikono miwili, maana magoti hayakutaka kumsaidia, akayarudisha nyuma mabuti yake, moja baada ya jingine, ili maji yapite.